Utamu na uchungu wa pikipiki za majini

Ikiwa umewahi kuteremka pwani wakati wa sikukuu, bila shaka umeziona. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta mjini Mombasa, maarufu kama Pirates, au kule Nyali, Bamburi na Diani, hupita mbio zikinguruma, zikirusha mkia mrefu wa maji nyuma yake. Watoto huacha kujenga nyumba zao za mchanga wakazitazama kwa uchu. Vijana wa chuo huanza kupekua mifuko wakihesabu pesa zilizobaki baada ya nauli. Nao wazazi waliojikunyata chini ya mnazi huulizana kwa sauti ya chini, "Lakini hebu niambie, kile kitu hakina hatari?"

Swali hilo ni jema na jibu lake ni fupi: kina. Hata hivyo, hatari yenyewe si ile ambayo wengi wetu huidhania. Mtu wa bara akiyaona maji mengi huogopa jambo moja tu, kuzama. Akivishwa jaketi la kuokoa maisha hujiona yu salama kama aliye kitandani kwake. Kumbe pikipiki ya majini, au jeti-ski kama wengi wanavyoiita, ina hatari nyingine ambayo jaketi peke yake haliwezi kuizuia. Hatari hiyo yaweza kuelezwa kwa muda wa dakika moja. Ajabu ni kwamba wengi hupanda na kushuka bila kuelezwa.

Ndoto ya mwendesha pikipiki

Chombo hiki kilibuniwa na mtu aliyependa pikipiki. Huyo ni Mmarekani Clayton Jacobson II, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa akishiriki mashindano ya pikipiki za kuruka matuta na vumbi. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kuanguka na kuchubuka ngozi. Akiwa anajitoa changarawe mwilini, alijiuliza: Je, isingekuwa afadhali mtu kuanguka kwenye maji kuliko kuanguka kwenye mawe? Akaanza kuunda pikipiki ambayo barabara yake ni bahari.

Kampuni ya Bombardier ya Canada ilitengeneza chombo cha aina hiyo kwa jina la Sea-Doo mwaka 1968, lakini baada ya muda mfupi ikaacha. Kisha ikaja zamu ya Kawasaki ya Japani, ambayo mnamo 1973 ilianza kuuza chombo ilichokiita Jet Ski. Jina hilo ni mali ya kampuni hiyo hadi leo, ingawa watu hulitumia kuziita pikipiki zote za majini, ziwe zimeundwa na nani. Mwaka 1977 watazamaji wa sinema walimwona jasusi James Bond, akiigizwa na Roger Moore, akipasua mawimbi juu ya mtambo wa jamii hiyo. Tangu hapo vijana wengi duniani wakatamani kufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, zile za kwanza zilitaka ufundi. Mwendeshaji alisimama wima, na asiyejua kusawazisha mwili alianguka kabla hajaenda mbali. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1980. Yamaha ilileta WaveRunner, chombo cha kukalia chenye nafasi ya abiria, nayo Bombardier ikarudi na Sea-Doo mpya mwaka 1988. Sasa mtu ambaye hajawahi kugusa chombo chochote cha majini aliweza kuketi, kushika usukani na kuondoka kwa kasi siku hiyo hiyo. Hapo ndipo biashara iliposhamiri, na hapo ndipo matatizo nayo yalipoanza.

Raha yake haina mfano

Tusiwe wachoyo wa sifa. Raha ya chombo hiki ni ya kweli. Unakaa sentimita chache juu ya maji, hakuna kioo mbele yako, hakuna mlango ubavuni. Upepo unakupiga kifuani, chumvi inakuingia mdomoni, na kila wimbi linakurusha kama mtoto anayerushwa juu na mjomba wake. Kidole kimoja tu ukikibana, chombo kinachomoka kama mshale.

Kasi nayo si ya mchezo. Mitambo mikubwa ya siku hizi ina injini za nguvu za farasi zaidi ya 300, yaani kushinda magari mengi unayoyaona barabarani Nairobi, na inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Hebu tupige hesabu kidogo. Mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde moja. Ukigeuza shingo kumpungia mkono rafiki aliye ufuoni kwa sekunde tatu, umesafiri mita 50 bila kuangalia mbele. Ndani ya mita hizo 50 mna nafasi ya kutosha ya waogeleaji, ngalawa na mtoto juu ya tyubu.

Siri iliyo chini ya kiti

Sasa tufike kwenye lile jambo la dakika moja. Mashua ya kawaida ya injini ina rafadha inayozunguka nje, chini ya maji. Pikipiki ya majini haina. Injini yake huzungusha panka lililofichwa ndani ya bomba. Panka hilo hufyonza maji kupitia tundu lililo tumboni mwa chombo, likayasukuma kwa nguvu kubwa na kuyatoa nyuma kupitia mdomo mwembamba. Maji yanaporushwa nyuma, chombo husukumwa mbele. Ukizungusha usukani kulia au kushoto, unaugeuza ule mdomo wa nyuma ili maji yatokee upande mwingine. Hivyo ndivyo chombo kinavyokata kona.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, kwa maana siri yote imo humo. Kinachogeuza chombo ni yale maji yanayorushwa. Je, maji yasiporushwa? Basi hakuna cha kukigeuza. Katika mitambo mingi, hasa ile ya zamani, ukiachia aksileta usukani hubaki kama pambo. Waweza kuuzungusha hadi mwisho, lakini chombo kitaendelea kuteleza moja kwa moja kule kilikokuwa kikielekea, kwa makumi ya mita.

Sasa jiulize: mtu aliyezoea gari au pikipiki akiona kizuizi mbele hufanya nini? Huondoa mguu kwenye mafuta na kukata usukani. Barabarani hilo ni jambo la busara. Majini ndilo kosa linaloua. Mwendeshaji mgeni humwona muogeleaji mbele yake, hushtuka, huachia aksileta, hukata usukani kwa nguvu zake zote, kisha hushangaa kuona chombo kikimwendea yule yule aliyejaribu kumkwepa. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki hupoteza usukani hata kabla hakijazama.

Dawa yake ni kinyume cha mazoea yetu. Unapotaka kukwepa kitu, endelea kubana aksileta kiasi huku ukigeuza usukani, ndipo uache mafuta ukishaelekea penye uwazi. Jambo hilo ni rahisi kulisema, lakini mwili haulijui mpaka ulifanyie mazoezi mahali peupe pasipo watu. Ni kweli kwamba watengenezaji wameleta marekebisho, na kampuni ya Sea-Doo ilianza kuweka breki katika baadhi ya mitambo yake ya mwaka 2009. Lakini chombo unachokodi ufuoni si lazima kiwe cha aina hiyo, na breki za majini hazishiki kama za gari kwenye lami.

Kugongwa kuliko kuzama

Mwaka 1998 bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake kuhusu vyombo hivi. Iligundua jambo la kushangaza: kati ya vyombo vyote vya burudani majini, hiki ndicho pekee ambacho kuzama hakukuwa chanzo kikuu cha vifo. Watu wengi zaidi walikufa kwa kupigwa na kugongwa, ama na chombo kingine, ama na gati, ama na kitu kingine kigumu. Isitoshe, wengi wa waendeshaji waliohusika katika ajali hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya vyombo vya majini. Kumbe ile ndoto ya Jacobson, kwamba kuanguka majini ni kulaini, ilikuwa na nusu ya ukweli tu. Maji ni laini kwa anayetembea. Kwa anayekwenda mbio, hupiga kama sakafu.

Kisa kimoja kilitikisa Marekani mwezi Julai 2012. Katika ziwa Lanier, jimbo la Georgia, mtoto wa miaka 11, mwana wa aliyekuwa mke wa mwanamuziki Usher, alikuwa ameketi na msichana mmoja juu ya boya la kujazwa upepo. Pikipiki ya majini iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki wa familia ikawagonga. Mtoto huyo alifariki hospitalini wiki mbili hivi baadaye. Mwendeshaji alipatikana na hatia na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka minne gerezani. Tafakari, mzazi: aliyeumia hakuwa amepanda chombo hicho siku hiyo. Alikuwa ameketi juu ya boya, kama wanavyoketi watoto wetu juu ya matyubu ya kukodi pale Pirates kila Krismasi.

Abiria naye ana hatari zake. Anayeketi nyuma akiteleza na kuanguka chombo kinapochomoka, huangukia mkabala na ule mdomo unaorusha maji. Mkondo huo una nguvu za kutosha kupenya na kuchana sehemu za ndani za mwili, na madaktari katika nchi mbalimbali wameeleza majeraha mabaya ya namna hiyo, hasa kwa wanawake. Ndiyo sababu watengenezaji hubandika onyo kwamba waendeshaji na abiria wavae suruali nzito ya mpira, kama zile za wapiga mbizi. Chupi ya kuogelea haitoshi. Vilevile, lile tundu la tumboni hufyonza lolote lililo karibu nalo: kamba, nywele ndefu zilizoachwa wazi, au nguo inayopepea. Mama au dada anayepanda na leso kiunoni aiache ufuoni.

Wengine walivyochukua hatua

Serikali mbalimbali hazikukaa kimya. Katika jimbo la Florida, Marekani, aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuendesha chombo hiki, na ni kosa kumkodishia aliye chini ya miaka 18. Kuendesha usiku ni marufuku, na kila aliyepanda lazima avae jaketi.

Uingereza nako kulikuwa na kasoro katika sheria. Mwaka 2005 mahakama ya rufani iliamua kwamba pikipiki ya majini haikuwa meli kwa maana ya sheria ya vyombo vya baharini, na hivyo ikawa vigumu kuwashtaki wazembe kwa sheria hiyo. Pengo hilo lilizibwa tarehe 31 Machi 2023. Sasa anayeendesha kiholela huko anaweza kufungwa hadi miaka miwili.

Wengine walilalamikia kelele na uchafu. Injini za zamani zilimwaga majini sehemu ya mafuta bila kuyachoma. Wilaya ya San Juan katika jimbo la Washington ilizipiga marufuku pikipiki hizi mwaka 1996, na mahakama kuu zaidi ya jimbo hilo ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 1998. Injini za siku hizi ni safi na tulivu zaidi, lakini kasa anayeibuka kuvuta pumzi hajui tofauti hiyo. Jambo hilo latuhusu, maana mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Chombo hicho hicho huokoa

Usidhani kwamba makala haya yanataka mitambo hii itupwe jalalani. La. Mikononi mwa anayeijua, ni ya thamani kubwa. Haina rafadha ya nje ya kumkata aliye majini, hupita kwenye maji machache, na hufika mahali ambapo mashua haithubutu. Huko Hawaii waokoaji walianza zamani kuifunga ubao nyuma wa kumlaza aliyeokolewa, na mtindo huo umeenea duniani.

Kule Nazaré, nchini Ureno, ambako mawimbi huinuka kama maghorofa, wachezaji wa ubao huvutwa na pikipiki za majini hadi kwenye wimbi. Ndivyo Mjerumani Sebastian Steudtner alivyoteremka wimbi la mita 26.21 tarehe 29 Oktoba 2020. Ndivyo pia Mbrazili Maya Gabeira alivyonusurika. Mwaka 2013 aliangushwa na wimbi huko na kuzimia. Mwenzake Carlos Burle, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya majini, akamfikia, na baada ya kufikishwa ufuoni akarudishiwa pumzi. Mwaka 2020 Gabeira alirudi hapo hapo na kuweka rekodi ya wanawake kwa wimbi la mita 22.4. Tofauti kati ya Burle na mgeni wa sikukuu haiko kwenye chombo. Iko kwenye mafunzo.

Kabla hujalipa

Basi ikiwa umeazimia kupanda, au mwanao amekuganda akilia apande, yafuatayo yatakusaidia.

Kwanza, uliza maswali kabla ya kutoa pesa. Chombo hugeukaje nikiachia aksileta? Mipaka ya kwenda ni ipi? Nani atanifuata nikianguka? Anayekodisha ambaye hana majibu, au anayekuharakisha upande kwa sababu foleni ni ndefu, mwachie chombo chake. Chombo kinachobeba watu kwa malipo chapaswa kuwa kimekaguliwa, na Halmashauri ya Usafiri wa Baharini, KMA, iliyoundwa mwaka 2004, ndiyo yenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini nchini. Kuomba kuonyeshwa vibali si ufidhuli.

Pili, vaa jaketi linalokukaa vizuri na ulifunge. Mtoto avae la mtoto. Jaketi la baba huchomoka kupitia kichwani mara tu mtoto anapoangukia majini.

Tatu, funga ile kamba fupi ya usalama mkononi au kwenye jaketi. Ukianguka, kamba huchomoka na injini huzimika. Asiyeifunga huenda akakiona chombo chake kikimwacha peke yake katikati ya maji.

Nne, kaa mbali na waogeleaji. Toka na urudi polepole kabisa, ukipitia njia moja. Usikate mbele ya mashua kwa ajili ya kurukia mawimbi yake, maana nyuma ya mashua hiyo huenda kuna nyingine usiyoiona.

Tano, kumbuka kwamba bahari haina sheria za barabara ya Mombasa. Sisi Wakenya tumezoea kushika kushoto. Majini, vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja hugeuka kulia. Dereva anayekimbilia kushoto kwa mazoea humfuata mwenzake aliyekuwa akimkwepa.

Sita, yajue maji yenyewe. Msimu wa kaskazi, ambao ndio wa likizo ya Desemba, bahari yetu huwa tulivu kuliko wakati wa kusi, na utulivu huo huwalaghai wengi. Maji yakipwa, matumbawe hubaki karibu na uso wa bahari. Mtu anayepita hapo mbio huligonga jiwe asilolitarajia. Usivuke mwamba kwenda bahari kuu. Waulize wavuvi, wao wanaijua bahari hiyo tangu utotoni.

Mwisho, pombe na usukani haviendi pamoja, majini wala nchi kavu. Na mtoto, hata akilia vipi, asipewe aksileta. Apande pamoja na mwendeshaji aliyefunzwa ikiwa miguu yake inafika vizuri mahali pa kukanyagia na mikono yake ina nguvu za kushika. Ikiwa haifiki, mnunulieni madafu na viazi karai, mngojee mwaka ujao.

Huenda kijana akakuambia kwamba tahadhari hizi zote zitaimaliza raha yake. Mjibu kwamba somo lote halichukui robo saa, nayo bahari itakuwa pale pale akimaliza kusikiliza. Kisha umuulize lile swali moja: ukiachia aksileta, chombo kitageuka? Akisema ndiyo, usitoe pesa bado.